Fungu la Yatakwisha

"Mbwa wangu hashikwi na huyo," alisema Hedwiga, na kamba akaizungusha tena kiganjani.

Mwalo mzima wa wavuvi ukageuka. Upepo wa mwera ulikuwa umevuma siku kadhaa mfululizo, mitumbwi imefudikizwa mchangani, chanja za dagaa ziko tupu. Kwa hiyo watu wa Mbaha walikuwa na nafasi tele ya kutazama yasiyowahusu. Mbwa walikuwa wengi kuliko watu. Wengine wamefungwa kwa kamba za nyavu, wengine kwa vipande vya khanga, mmoja kabebwa mgongoni kama gunia la mihogo kwa sababu alikataa kutembea. Wale waliokwisha kuchomwa sindano walikuwa na hereni ya njano sikioni na sura ya mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe zake.

"Mama, huyu ndiye mshikaji wetu," alisema Daktari Glorious. Alikuwa msichana mwembamba mwenye buti za mpira, daktari wa mifugo, mzaliwa wa huko juu Mbinga mjini, na alizungumza kwa sauti ya kubembeleza kana kwamba watu nao wanang'ata. "Tangu asubuhi ameshika mbwa wote hawa, hakuna aliyeumia."

"Nimeona."

"Sasa shida iko wapi?"

 Hedwiga alimtazama mshikaji, na mshikaji akautazama mchanga. Alikuwa Raimundi, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mkono mmoja ulikuwa na kitambaa cha kufungia mbwa midomo. Wa pili ameuweka ubavuni, chini ya mbavu za kulia, ameukandamiza hapo na hauondoi ila inapombidi. Mkono ule Hedwiga alikuwa ameuona tangu alipofika, akajisemea moyoni: haya, tuone.

Maana, tuseme ukweli, hakuja pale kwa ajili ya chanjo. Alikuja kuona nani anaingiza mkono wapi. Wiki nzima kijijini habari ilikuwa hiyo moja, kwamba wataalamu wamekuja kujaribu chanjo mpya ya mbwa, ya kuzuia mnyoo. Wengine walisema mbwa akichomwa habweki tena. Wengine walisema damu itapelekwa ng'ambo. Baba Paroko alitangaza kanisani kwamba ni jambo jema, na hilo likawatia Waanglikana wasiwasi zaidi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na Hedwiga hakuwa mtu wa kukaa ndani akalisubiri.

Glorious alikuwa amelieleza jambo lenyewe mapema, amesimama juu ya kreti la samaki. Kuna mnyoo, alisema, mdogo kama punje ya mchele, unakaa ndani ya utumbo wa mbwa wala mbwa haumwi. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika majani, yakashika manyoya, yakashika mikono. Mbuzi akila, au mtu akimeza bila kujua, yai linaingia mwilini na kujitengenezea mfuko wa maji, kwenye ini au kwenye pafu. Mfuko unakua polepole, miaka na miaka, na mwenyewe analima, anavua, anacheza ngoma, hana habari. Chanjo ikifanya kazi, mnyoo hautapata pa kukaa ndani ya mbwa, na mtu atapona kwa mbwa kupona.

"Ikifanya kazi?" mtu mmoja aliuliza.

"Ndiyo tunaijaribu, baba. Mbwa wote watapewa kidonge kwanza cha kuua minyoo. Halafu nusu watapata chanjo, na nusu watapata maji ya chumvi. Mwakani tutawapima tuone tofauti."

"Na wangu atapata nini?"

"Hata mimi sijui. Chupa zinafanana. Wanaojua wako mbali, na wameficha makusudi, ili sisi tusijidanganye."

Watu walicheka. Hedwiga hakucheka. Mtu anayekuambia kwa kinywa chake kwamba hajui anachokuchoma, alijisemea, ama ni mkweli kupita kiasi ama ameagizwa. Tena aliposikia neno lile, mfuko wa maji, mwili ulimsisimka kuanzia visigino. Mfuko huo alikuwa ameuona kwa macho yake mara mbili, na aliyeuleta nyumbani kwake alikuwa amesimama pale pale na kitambaa mkononi.

"Twende zetu, Yatakwisha," alimwambia mbwa, wakaondoka.

Jina hilo alilitoa Wendelin, mumewe. Kule ukiwa na neno na jirani, unampa mbwa wako neno hilo liwe jina lake, na kila jioni ukimwita mbwa, jirani anapata salamu zake. Wendelin na Raimundi walikuwa wakigombea mpaka wa mihogo chini ya mlima, kipande cha ardhi kisichotosha kulaza mbuzi, ndipo mbwa huyu akazaliwa, na Wendelin akamwita Yatakwisha. Hedwiga alitaka jina kali zaidi. Alipendekeza mawili matatu, na sitayataja hapa. Wendelin alicheka, akakataa. Ndivyo alivyokuwa: mchinjaji wa kijiji kizima, asiyeweza kumtukana hata kuku.

Yeye Hedwiga aliolewa kutoka Mapera, kwa Wamatengo, kwenye baridi na kahawa. Mwaka wake wa kwanza kando ya ziwa alipanda kwenye mteremko akalima ngoro kama alivyofundishwa na mama yake, mashimo ya mraba yamepangwa mstari kwa mstari ili mvua isiibe udongo. Wakwe wakaja makundi kwa makundi kuangalia mke wa Wendelin anamzika nani. Wangali wanacheka mpaka leo. Hapo akaelewa kwamba yuko ugenini, na kwamba mgeni hana budi kushika desturi za wenyeji hata zile zinazomkera. Akazishika. Ya fungu la mbwa aliishika kuliko zote.

Ukoo wa Wendelin haukula nyama kabla ya mbwa wa nyumba. Wazee walisimulia kwamba babu yao aliokolewa na mbwa kwenye makucha ya chui, akaapa kwamba katika uzao wake mbwa atakula wa kwanza. Mnyama akichinjwa, pafu hutolewa likiwa bado na joto, na anayelirusha si mwanaume aliyechinja, ni mke wa nyumba. Wendelin alichinja karibu kila wiki. Hedwiga akarusha mapafu miaka yote ya ndoa yake, kwa mbwa huyu, na kwa mama wa mbwa huyu, na kwa wale wa kabla yao.

Mwaka ule wa mwisho Raimundi alikuja na mbuzi. Alisema ni wa kumaliza maneno ya mpaka. Wendelin alifurahi nusura alie. Alipompasua, kwenye pafu kulikuwa na mfuko mweupe, laini, umejaa maji, ukubwa wa limao. "Si kitu," alisema Wendelin, "mbuzi wazee wanayo, nimeiona mingi." Hedwiga akalirusha pafu kama kawaida. Haikupita miezi mingi, Wendelin akaanza kushika ubavu wa kulia. Wakampeleka hospitali kubwa, akapasuliwa, na muuguzi mmoja, mtu mwema aliyedhani anasaidia, akamwonyesha Hedwiga ndani ya beseni kile kilichotolewa kwenye ini la mumewe. Mfuko mweupe, laini, umejaa maji. Huu ulikuwa mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Wendelin hakuamka tena.

Sasa mwenye akili na aseme. Hedwiga hakuhitaji mganga wa kumfumbulia, wala hakwenda kwa mganga. Alinyamaza tu. Tangu mazishi hakumsalimia Raimundi, hakupokea samaki wake, hakupita mbele ya mlango wake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema siku moja bombani, kwa sauti ya kutosha, na kijiji kizima kikajua nguo ni ya nani.

Kesho yake Glorious alimfuata shambani, kule chini ya mlima, buti zake zimejaa tope. Yatakwisha alikuwa juu ya miamba akiwakimbiza ngedere, na sauti yake ilifika kabla yake. Bila mbwa yule Hedwiga asingevuna hata muhogo wa kutia chunguni. Watoto wake walikuwa Songea na familia zao, na ngedere wa Mbaha wanamjua mjane kwa mwendo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekuonyesha njia?"

"Nimeuliza tu."

"Umemuuliza nani?"

Glorious alisita. "Mzee Raimundi."

"Nilijua."

Alimkaribisha hata hivyo, mgeni ni mgeni. Akamsogezea jiwe, akampa muhogo wa kuchoma kutoka kwenye majivu, akamtazama kama atakula. Glorious aliula wote, hata pale palipoungua. Hiyo haikumtosha Hedwiga. Akaamua kumtega.

"Ule mfuko wako wa maji," alisema. "Mbuzi anao, mtu anao. Ni mmoja?"

"Ni mmoja, mama. Mnyoo ni ule ule."

Hedwiga alisikia kifua kikifunguka. Miaka mitatu alikuwa amelijua jambo hili peke yake, mpaka akawa anajiogopa, na leo mtu aliyesoma amekaa kwenye jiwe lake na kusema ndiyo. Furaha ile ilikuwa mbaya, na aliijua kuwa ni mbaya, lakini aliionja. Akamsimulia yote: mbuzi, limao, beseni. Jina hakulitaja.

Glorious alisikiliza mpaka mwisho. "Macho yako yaliona sawasawa," alisema. "Ila mfuko wa mbuzi haumwingii mtu, mama. Hata ungeula mbichi. Lazima mbwa aule kwanza, ndani ya mbwa ndimo unapogeuka mnyoo. Halafu ule wa kwenye beseni, kwa ukubwa huo, haukui kwa miezi. Ulikuwa na miaka pengine kumi. Mbuzi wa kwako alikuwa hajazaliwa."

"Kumi," alisema Hedwiga.

"Hata zaidi." Kisha akauliza, kwa sauti yake ile ya kubembeleza, bila kujua anachokanyaga: "Hayo mapafu yenye mifuko, mlikuwa mnayatupa wapi?"

Yatakwisha alikuwa ameshuka kutoka miambani. Alijitupa chini, ulimi nje, akalaza kichwa juu ya mguu wa Hedwiga. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikilaza juu ya mguu wa Wendelin. Wendelin aliwapenda mbwa wake wote. Jioni aliwatoa kupe mmoja mmoja kwa kucha, huku anazungumza nao, halafu akanawa vidole juu juu na kula ugali. Na ugali huo ulisongwa na nani, na mikono ya nani ilikuwa imewapapasa mbwa hao hao mchana kutwa.

Hedwiga alisimama, na kichwa cha mbwa kikaanguka ardhini.

"Amekutuma."

"Nani, mama?"

"Raimundi. Amekutuma uje unitwishe mimi mzigo wake."

"Mama, mimi sijui lolote la..."

"Umekula, umeshiba. Nenda. Mwambie mzigo haujapokelewa."

Baada ya hapo hakulala vizuri. Wasiwasi ni mgeni asiyeaga, na yeye alikuwa ameukalisha nyumbani muda mrefu, ukimtumikia vizuri dhidi ya Raimundi. Sasa ulikuwa umegeuza kiti na kumtazama mwenyewe. Aliufukuza. Yule msichana ni mdogo, alijiambia, amezaliwa juzi, atajua nini. Chupa zenyewe hajui zina nini. Na ule mkono wa Raimundi ubavuni? Jibu la hilo alikuwa nalo: kimemrudia. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Jibu lilikuwa zuri, na alilirudia mara nyingi kuliko jibu zuri linavyostahili kurudiwa.

Lakini alianza kuosha mikono kwa majivu mpaka ngozi ikawasha. Mbwa akija kulaza kichwa mguuni, alivuta mguu. Yatakwisha alimtazama, akaondoka kwenda kulala mlangoni, akaja tena, akaondolewa tena, bila kujua kosa lake ni lipi.

Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu ya Wendelin. Miaka miwili ya kwanza Hedwiga alikataa kuchinja chochote, na ukoo ulinung'unika. Mwaka huu Bibi Gertruda, shangazi yake Wendelin, alikata shauri kwa niaba ya wote: mbuzi atachinjwa uani kwa marehemu, na atakayechinja ni Raimundi, maana mchinjaji mwingine hayupo. Walitegemea ubishi. Hedwiga alikubali mara moja, wakashangaa. Alitaka kuiona ile mikono kwa karibu ikifanya kazi.

Wakarudi kutoka kanisani, wanawake wakawasha moto, wazee wakajipanga kwenye kivuli cha nyumba. Hedwiga akasimama hatua chache kutoka kwa shemeji yake na hakukaa. Raimundi alichinja vizuri, kwa kisu cha kaka yake. Alichuna bila kutoboa ngozi. Lakini jasho lilimtoka kuliko kazi yenyewe ilivyodai, na kila alipoinama alisimama kidogo, akavuta pumzi, ndipo akaendelea. Akapasua kifua, akaingiza mkono, akatoa pafu.

Ilikuwapo. Mifuko miwili, weupe wake ule ule. Wengine walikuwa wakipiga soga na hawakuona. Raimundi aliona. Akainua macho, akamtazama Hedwiga usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi, kisha akanyoosha mikono yote miwili na kumpa pafu, kama desturi ilivyotaka.

"Haya, mke wa nyumba," alisema Bibi Gertruda kutoka kivulini. "Fungu la mbwa."

Hedwiga alilipokea. Lilikuwa na joto. Yatakwisha alikuwa amekwisha kukaa mbele yake, mkia unafagia vumbi, udenda unamshuka.

"Mbuzi huyu umemtoa wapi?" aliuliza.

Soga zikakatika. Uani pale hakuna aliyekuwa amemsikia akimsemesha Raimundi kwa miaka mitatu.

"Kwa Melkior wa Lipingo," alisema Raimundi. "Nimemchukua mbele ya watu, kwa makusudi. Nilijua utaniuliza."

"Na hapo ubavuni una nini?"

Raimundi aliipangusa mikono kwenye majani, taratibu. "Kile kile cha kaka."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, wakati wa mavuno. Nilipigwa utrasaundi, wakaniambia nisubiri, nitaitwa nikapasuliwe. Ndiyo maana nawashikia mbwa. Sitaki mtu mwingine apate hiki kitu."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, shemeji? Wewe ungesema kimenirudia."

Hedwiga aliliangalia pafu mikononi mwake. Alikuwa amesema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, juzi na jana na asubuhi ile kanisani wakati wengine wanamwombea marehemu. Akamtazama mtu huyu vizuri. Raimundi alikuwa kijana asiyeota ndevu yeye alipoolewa. Alikula kwenye sahani yake miaka mingi kabla hajajenga kwake. Alilala kwenye mkeka sebuleni, mbwa miguuni pake, na asubuhi Hedwiga alimpa uji. Ndugu wawili, ua mmoja, chungu kimoja. Na mchawi gani huyo, alijiuliza, anayemloga kaka yake halafu akanywa dawa ile ile mwenyewe.

Hofu ilimshika, halafu aibu, na aibu ilikuwa nzito kuliko hofu. Angependa sana kuendelea kumchukia. Chuki ile ilimfaa. Ilimwamsha asubuhi na kumpeleka shambani, na sasa hakujua ataamshwa na nini.

"Mwanangu," alisema Bibi Gertruda, "nyama inapoa. Mrushie mbwa tule."

"Mbwa hali leo."

Wazee wakasogea kwenye viti. "Unasemaje?"

"Nimesema mbwa hali, shangazi. Hili pafu lina ugonjwa uliomuua mumeo mdogo." Ndivyo shangazi alivyokuwa akimtania Wendelin tangu utoto, mume wangu mdogo. "Nimelirusha miaka yote. Silirushi tena."

"Na marehemu je? Unataka akae na njaa siku yake?"

"Nataka jembe," alisema Hedwiga.

Hakuna aliyelileta. Akalitwaa mwenyewe ukutani, akaliweka pafu juu ya jani la mgomba mahali pa juu, akachagua sehemu yenye udongo mgumu nyuma ya jiko, akaanza. Alichimba kama walivyochimba kwao Mapera, kwa pembe nne, udongo unapangwa pembeni na hautupwi ovyo. Mtu mmoja kivulini akasema, "Mmatengo kaanza tena," na mwingine akacheka, na Bibi Gertruda akawatazama wakanyamaza. Yatakwisha alinusa, akaelewa kwamba anaibiwa, akaanza kulia na kurukia lile jani.

Raimundi alipiga hatua kuja kupokea jembe.

"Acha," alisema Hedwiga. "Mshike mbwa."

Raimundi akapiga goti, kwa shida, akatoa kitambaa mfukoni. Akamzungushia mbwa mdomoni, mkono mmoja shingoni, taratibu, kama alivyofanya kwa wale wote wa mwaloni, na Yatakwisha akatulia mapajani mwake akitetemeka. Hedwiga aliona, akaendelea kuchimba. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na udongo. Shimo lilipomfika kwenye mapaja aliliweka pafu, akafukia, akashindilia kwa miguu, akaweka mawe juu.

"Wale wa sindano wanaondoka lini?" aliuliza.

"Leo jioni."

"Basi twende kabla hawajaondoka. Utamshika wewe."

Wakateremka mwaloni, watatu hao, na wageni wa misa wakabaki uani hawajui kama wale au wangoje. Glorious alikuwa akifunga maboksi kwenye gari. Aliona kamba iko mkononi mwa Hedwiga na mbwa yuko mikononi mwa Raimundi, akafungua boksi bila kuuliza. Kidonge kilifichwa kwenye tonge la ugali. Sindano ikaingia shingoni, hereni ikabanwa sikioni, Yatakwisha akapiga kelele moja fupi.

"Hiyo ni chanjo au ni maji?" aliuliza Hedwiga.

"Sijui, mama. Nilikuambia."

"Unaapa?"

"Naapa. Na hata ikiwa ni chanjo, bado hatujui kama inazuia. Hayo mapafu msimpe."

Hedwiga alimtazama kwa muda, namna anavyotazama matamvua ya samaki kabla hajanunua. "Mimi bado sijakuamini," alisema. "Lakini mwakani njoo umpime."

Waliporudi, jua lilikuwa limeshuka upande wa Malawi na nyama ilikuwa inaliwa. Yatakwisha hakwenda kwa walaji. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akanusa mawe, akaanza kulisukuma moja kwa pua.

"Atachimbua," alisema Raimundi.

"Najua."

Hedwiga aliingia jikoni akatoka na vigoda viwili. Kimoja akakiweka upande huu wa lile shimo lililofukiwa, kingine upande wa pili. Raimundi alikitazama kigoda, akakaa, mkono ubavuni. Bibi Gertruda aliwaita waje kula. Akawaita tena.

"Na kesho?" Raimundi aliuliza.

"Kesho nitakaa tena. Mpaka asahau."

"Mbwa hasahau. Na mimi naweza kuitwa hospitali siku yoyote."

"Wakikuita nenda. Nitakaa peke yangu." Aliliokota lile jiwe lililosukumwa akalirudisha mahali pake. "Wewe rudi tu."

 Yatakwisha alilala katikati yao, hereni yake mpya ikimwasha, akaweka kidevu juu ya udongo. Akawa anawatazama kwa zamu, huyu na huyu, akingoja nani atasinzia kwanza.